Chai ya Matunda: Geuza Boksi Kwanza

Boksi lilikuwa na picha za rasiberi na maua ya vanila, pamoja na maneno ya kuhakikisha kwamba kila kilichomo ni cha asili. Lilikuwa linauzwa Ujerumani na kampuni ya Teekanne kwa jina la Felix Himbeer-Vanille Abenteuer, na lilikusudiwa watoto. Ndani hamkuwa na rasiberi wala vanila. Mlikuwa na choya, tufaha, majani ya blakiberi, maganda ya chungwa na limau, na ladha zilizotengenezwa zifanane na matunda yaliyochorwa mbele. Chama cha kutetea walaji kikaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwezi Juni 2015 majaji wakasema kwamba boksi linaweza kumpotosha mnunuzi hata kama orodha ya viambato iliyoandikwa ubavuni ni sahihi.

Supamaketi za Dar es Salaam na Nairobi nazo hazikosi maboksi ya aina hiyo: stroberi, embe na pasheni, limau na tangawizi. Mengine huingia nyumbani kama zawadi ya ndugu aliyetoka ughaibuni. Kabla maji hayajachemka, boksi ligeuzwe. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo majina matatu ya mwanzo ndiyo yanayoeleza mtu anakunywa nini. Tunda lililopamba picha likitajwa mwishoni, au likitajwa kama "ladha" tu, basi limechangia harufu kuliko kitu kingine chochote.

Mara nyingi jina la kwanza ni "hibiscus". Hiyo ni choya, ambayo wengine huiita rozela. Wasudani na Wamisri huinywa kwa jina la karkade. Wekundu wa kikombe na ule uchachu unaokunja uso hutoka kwake, si kwenye stroberi. Anayepata choya kavu sokoni anaweza kuichemsha na kupata kinywaji kinachokaribiana sana na kile cha kwenye boksi, kwa gharama ndogo zaidi. Na kwa kuwa choya si jani la mchai, kikombe hicho hakina kafeini, isipokuwa mtengenezaji awe amechanganya chai ya kijani au nyeusi. Orodha itasema.

Choya ina jambo moja lililopimwa vizuri. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda au imepanda kidogo. Kundi moja lilikunywa vikombe 3 vya choya kila siku kwa wiki 6, lingine likapewa kinywaji cha kufanana nacho. Presha ya juu ilishuka kwa wastani wa 7.2 katika kundi la choya, na 1.3 katika lile jingine. Si haba. Ila watu hao hawakuwa wanatumia dawa za presha, na hakuna aliyeambiwa aache vidonge. Mgonjwa anayemeza dawa ya presha na kuongeza choya kila siku amwambie daktari wake, kwa sababu viwili hivyo vinaweza kuishusha presha kupita kiasi. Mama mjamzito naye aulize kliniki kabla ya kuifanya mazoea.

Uchachu huleta kishawishi cha sukari. Vijiko 3 vya chai ni takriban gramu 12, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25, akihesabu soda, maandazi na kila kitu. Vikombe viwili vya namna hiyo vinakaribia kuimaliza ile 25.

Meno yana shauri lao. Asidi ya chai ya matunda hulainisha tabaka gumu la nje la jino, na tabaka hilo likilika halioti tena. Watafiti wa King's College London waliolinganisha watu 300 wenye meno yaliyolika sana na 300 wasio na tatizo hilo walieleza mwaka 2018 kwamba hatari ilikuwa kubwa kwa wanaokunywa vinywaji vyenye asidi, chai ya matunda ikiwemo, mara kwa mara kati ya mlo na mlo. Kikombe kinachonywewa funda mojamoja asubuhi nzima ofisini hudhuru kuliko kilekile kinachonywewa pamoja na chakula.

Lakini nanaa ina kanuni ya kinyume chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la lishe la Uingereza uliwapa watu mkate pamoja na vinywaji mbalimbali, ukapima madini ya chuma yaliyoingia mwilini. Chai nyeusi ilizuia asilimia 79 hadi 94 ya ufyonzwaji huo, nanaa ya pepaminti asilimia 84, kamomili 47. Wengi huamini kwamba ukiacha majani ya chai umeepukana na tatizo hili. Mama mjamzito, msichana anayepata hedhi au mtoto mwenye upungufu wa damu akila maharage na mchicha, chai ya nanaa isogezwe mbele kwa saa moja hivi, na chungwa lichukue nafasi yake mezani.

Kuna majina ambayo mnunuzi akiyaona yafaa asite. "Senna" ni sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo hupenda kujificha kwenye chai za "kupunguza tumbo". Kilo zinazopungua ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale, na mwili hupoteza potasiamu ambayo moyo unaihitaji. "Liquorice" ni urukususu: mtamu bila sukari, ila hupandisha presha. Mwaka 2019 madaktari wa Canada walieleza habari za mzee wa miaka 84 aliyelazwa na presha ya kutisha baada ya kunywa chai ya mizizi hiyo kila siku kwa wiki mbili. "Hypericum" au "St John's wort" huuzwa Ulaya kwa ajili ya huzuni, nayo hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za ARV na za vidonge vya uzazi wa mpango. Ndugu anayetuma zawadi hawezi kujua dawa anazomeza kila mtu nyumbani.

Watoto wachanga hawahusiki kabisa. Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Kati ya 2002 na 2003 watoto 42 nchini Ujerumani waliugua salmonela iliyotokana na chai za shamari na anisi walizopewa kwa ajili ya tumbo. Mimea hukaushwa, haipikwi, kwa hiyo vijidudu vinaweza kusafiri nayo hadi kikombeni.

Hiyo ndiyo sababu ya kutumia maji yanayotokota, si ya vuguvugu kutoka kwenye chupa iliyojazwa alfajiri, na kufunika kikombe kwa dakika 5 hadi 10. Kisha kiachwe kipoe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula, na watafiti waliopima chai ya wenyeji wa Kilimanjaro walikuta wastani wa zaidi ya nyuzi 70 wakati wa kuanza kunywa. Kikombe kikifunuliwa na kuachwa dakika chache zaidi, au kikitiliwa maji kidogo ya baridi yaliyochemshwa, kinanyweka bila kupulizwa.