Mkia wa Jina

Siku moja, baada ya Misa ya asubuhi, mwalimu wa kijiji alifika misioni kwa baiskeli. Kijiji chake ki mbali, upande wa mto Lualaba. Mfukoni alikuwa na flashi iliyofungwa katika kitambaa, isiingie vumbi. Ndani yake mlikuwa na orodha ya watoto wake wa darasa la sita. Ilipaswa kufika Kolwezi mjini kabla ya saa sita, ili watoto waandikwe kwa mtihani wa serikali. Mtoto asiyeandikwa hafanyi mtihani.

Karani wa misioni aliwasha kompyuta. Umeme ulikuwapo, Mungu asifiwe. Akachomeka flashi, akaliona faili, akalibonyeza mara mbili. Lo! Hakuona jina hata moja. Aliona herufi mbili, PK, kisha alama za ajabu zimejaa kioo kizima, kama mchwa juu ya karatasi.

“Faili limekufa,” akasema karani. Mwalimu akashika kichwa. Karani akataka kuhifadhi na kufunga.

Msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa akifagia ofisi. Akasema, “Baba, ngoja! Tafadhali usihifadhi. Funga tu.”

Msichana alisema kweli. Faili lilikuwa zima, ila limefunguliwa na programu isiyo yake.

Watoto, sikilizeni. Jina la faili lina mkia, nao huja baada ya nukta. Mwalimu aliandika kwa LibreOffice, programu ya bure, na mkia wa maandishi yake ni .odt. Picha nyingi zina mkia .jpg, na nyimbo .mp3. Unapobonyeza faili, kompyuta haiulizi limeandikwa nini ndani. Inatazama mkia, kisha inatazama daftari lake lenye amri: mkia huu, iite programu hii. Mara nyingi kompyuta huuficha mkia, ndiyo sababu hata watu wazima wengi hawaujui.

Na zile herufi PK? Ni za Phil Katz, Mmarekani aliyetengeneza mwaka 1989 namna ya kukunja mafaili yawe madogo, iitwayo ZIP. Faili la .odt limekunjwa hivyo. Bloc-notes ni programu ya maandishi matupu. Haijui kukunjua, inaonyesha mikunjo tu. Nawe ukiiambia ihifadhi, itaiandika mikunjo ile kwa namna yake, na hapo faili litaharibika kweli.

Karani akafunga bila kuhifadhi. Kisha akasema, “Basi nibadili mkia, niandike .pdf.”

Hilo nalo si dawa. Ninyi watoto wa Kolwezi mnajua mawe. Jiwe la kijani, malakiti, husagwa na kuyeyushwa katika asidi, kisha umeme huitoa shaba. Kiwanda cha Luilu kilijengwa mwaka 1960 kwa kazi kama hiyo. Jiwe lenye kiberiti ni gumu zaidi, na kwa kawaida huchomwa kwanza. Sasa tuseme behewa la malakiti lina kadi. Ukibadili kadi, je, jiwe limebadilika? Hata kidogo! Litapelekwa motoni bure. Lakini mkubwa wa stesheni akisema, “Tangu leo mabehewa ya kadi hii yapite njia ile,” kadi ni ile ile, jiwe ni lile lile, njia tu imekuwa nyingine. Karani alihitaji kubadili njia.

Msichana akamwonyesha. Akabonyeza faili mara moja kwa kitufe cha kuume cha kipanya. Orodha ikatokea. Kompyuta ile ilisema Kifaransa, kama nyingi za kwetu. Akachagua “Ouvrir avec”, yaani fungua kwa, kisha “Choisir une autre application”, chagua programu nyingine. Akachagua LibreOffice Writer. Mwisho akabonyeza “Toujours”, siku zote. Angetaka mara hiyo moja tu, angechagua “Une seule fois”.

“Lakini nani aliiharibu?” akauliza karani.

Msichana akatazama chini. Juma lililopita ndugu yake mdogo alicheza pale, akachagua Bloc-notes, akabonyeza “Toujours” bila kusoma. Kompyuta ilitii tu. Karani akacheka, lakini tangu siku ile ofisi hufungwa kwa ufunguo.

Majina yote yakatokea kiooni. Karani akayachapa. Mwalimu akayahesabu kwa kidole mara mbili, akakunja karatasi, akapanda nyuma ya pikipiki ya misioni. Saa tano na nusu alikuwa Kolwezi.

Maulizo. Mkia wa jina la faili uko wapi? Kwa nini karani alikatazwa kuhifadhi? Kubadili mkia na kubadili programu kunatofautianaje? Andika mikia mitatu unayoijua.