SOMO LETU: MTOTO ALIYEONA MAUAJI SHULENI



Wengi wetu huondoka alfajiri kwenda kuchuma chai au kuwahi zamu kiwandani, na mtoto tunamwacha mikononi mwa shule. Damu ikimwagika huko, mtoto aweza kurudi jioni bila jeraha lolote. Je, na moyo wake ni mzima?

Tarehe 24 Februari 1984, mjini Los Angeles, Marekani, mtu mmoja alimimina risasi katika uwanja wa shule ya msingi. Mwezi mmoja hivi baadaye, wataalamu wakiongozwa na Daktari Robert Pynoos waliwahoji watoto 159 wa shule hiyo. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa uwanjani. Lakini hata kuwa mbali hakukuwa kinga kamili: waliomfahamu vizuri mtoto aliyeuawa waliumia zaidi. Baada ya miezi 14, wengi wa wale wa uwanjani walikuwa bado wanateseka.

Dalili ni zipi? Mtoto mdogo humng'ang'ania mzazi, huogopa giza, hukojoa kitandani ingawa alikwisha acha, na hurudia mchezo ule ule wa risasi kila siku. Mkubwa hukosa usingizi, hushtuka mlango ukibamizwa, hukasirika upesi, na masomo hayamwingii. Wengine hujilaumu: "Kwa nini nilikimbia nikamwacha mwenzangu?"

Huo si utundu wala uvivu. Mwili wake bado unajilinda kana kwamba hatari ingalipo. Kiboko huongeza hofu juu ya hofu.

Tufanye nini?

1. Tumsikilize anapotaka kusema, bila kumlazimisha.
2. Tumwambie ukweli kwa maneno mepesi. Aliyekufa tusiseme amesafiri.
3. Chakula, kulala na kazi ndogo za nyumbani viwe kwa saa zake za kawaida.
4. Tumweleze kwamba kosa ni la muuaji, si lake.
5. Arudi shuleni akisindikizwa, na mwalimu aelezwe hali yake.
6. Dalili zikizidi mwezi mmoja, au akisema anataka kufa, apelekwe hospitali. Hilo la pili lisingoje hata siku moja.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Mzazi wa zamu ya usiku atamwachia nani mtoto anayeogopa giza?
(b) Tawi liombe nini kwa mwajiri ili mzazi apate ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali bila kukatwa mshahara?