SOMO LA AFYA: Ugonjwa wa Kurithi Unaotibika kwa Vitamini



Mtoto alikuwa akicheza na kuongea vizuri. Anashikwa na homa, na baada ya siku chache anachanganyikiwa, ulimi unakuwa mzito, anashindwa kumeza na kutembea, ama anapata degedege. Kuna watakaosema amerogwa. Wengine watamlaumu mama.

Mwaka 1998 madaktari wa Saudi Arabia walieleza ugonjwa wa namna hii kwa watoto 10. Mwaka 2005 chanzo kikajulikana: jeni iitwayo SLC19A3.

Ndani ya seli za mwili mna meko madogo, mitokondria, yanayochoma chakula kutupa nguvu. Meko haya yanahitaji vitamini B1 (thiamini). Jeni hiyo hutengeneza mlango wa kuingiza B1. Mlango ukiharibika, chakula kipo lakini moto hauwaki, na ubongo ndio huumia.

Fanyeni hivi kikundini

Chukueni vikombe viwili, baba na mama. Kila kikombe kitiwe haragwe moja jekundu (jeni yenye kasoro) na moja jeupe (jeni nzima). Toeni moja kila kikombe bila kuangalia, kisha rudisheni. Mtoto huugua akipata mekundu mawili tu. Kila mimba, nafasi ni 1 kati ya 4. Na maharagwe hayakumbuki: kupata mgonjwa mmoja si kusema watatu wanaofuata wamepona.

Basi mnaona, wazazi wote wawili wamechangia, nao ni wazima, hawakujua. Wakiwa ni ndugu wa damu, nafasi ya kubeba kasoro ile ile huongezeka.

Matibabu

Ni thiamini na biotini kwa dozi kubwa ya daktari, maisha yote. Zikianzwa mapema, mtoto anaweza kupata nafuu kwa siku chache. Zikicheleweshwa, anaweza kubaki mlemavu au kufa. Zikiachwa, ugonjwa hurudi.

Ugonjwa huu ni nadra. Homa na degedege huweza kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo, nazo zinaua haraka. Kwa hiyo msikae nyumbani mkibahatisha na vidonge vya dukani. Mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata Thika ikibidi. Mwambieni daktari kama kuna ndugu yake aliyewahi kuugua vivyo hivyo.

Ya kujadiliana

1. Mama akilaumiwa, anachelewaje kutafuta matibabu?
2. Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba gani ya nauli ya dharura?