Revenge of the Sith: Je, Inafaa kwa Watoto na Watu Wazima?



Katika somo hili tunaipima filamu ya Revenge of the Sith, iliyoongozwa na George Lucas na kutoka mwaka 2005. Kwa kuwa ina maroboti, vyombo vya angani na panga za mwanga, ni rahisi mzazi kudhani ni ya watoto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963, unawakumbusha wazazi wajibu mzito wa kuzuia maonyesho yenye madhara ya kimaadili yasiingie nyumbani. Lakini hati hiyohiyo inakubali kwamba uovu ukionyeshwa kwa kufuata sheria ya maadili, waweza kutusaidia kumfahamu binadamu kwa kina zaidi. Basi tusiulize tu kama filamu ina uovu. Tuulize inauonyeshaje, na anayetazama ni nani.

Hadithi kwa ufupi

Katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, Darth Vader ni mtu katili mwenye vazi jeusi. Revenge of the Sith inarudi nyuma kueleza alifikaje hapo. Awali aliitwa Anakin Skywalker, kijana hodari wa Jedi, wapiganaji wanaoishi kama watawa na wasioruhusiwa kuoa. Yeye ameoa kwa siri. Alikwisha kumpoteza mama yake, na sasa anaota mkewe Padmé akifa kwa uzazi. Mtawala Palpatine anamvuta kwa habari za nguvu ya kuzuia kifo. Ili aipate, Anakin anawasaliti wenzake na kuwaua hata watoto wanaolelewa hekaluni. Mwishowe anamkaba Padmé mwenyewe, naye anafariki baada ya kujifungua mapacha, Luke na Leia.

Tunajifunza nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba utashi hutafuta daima kile unachokiona kuwa chema. Anakin hakutamani uovu kwa kuwa ni uovu. Alitaka mke wake aishi, na hilo ni jema. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kupima tendo kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia na mazingira. Nia njema haiwezi kuligeuza tendo ovu kuwa jema. Filamu inalionyesha hilo bila kuhubiri: mke aliyetaka kumwokoa ndiye aliyemkaba.

Kuna jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Mwalimu Yoda anamshauri kijana ajizoeze kuachilia kila anachoogopa kukipoteza. Mkristo asikubali ushauri huo harakaharaka. Mtakatifu Augustino hatuambii tuache kupenda, bali tupende kwa mpangilio: Mungu kwanza, na viumbe katika Mungu. Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro.

Kwa watoto

Nchini Marekani, hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Star Wars kupewa alama ya PG-13, yaani wazazi waonywe kuhusu walio chini ya miaka 13. Tunakubaliana na onyo hilo. Watu wanakatwa viungo, na Anakin anaungua moto akiwa hai. Mauaji ya watoto hayaonyeshwi, lakini tunamwona mtoto mmoja akimkimbilia Anakin kuomba msaada, asijue kwamba huyo ndiye muuaji. Kwa mtoto mdogo, kumwona aliyeaminiwa akigeuka hivyo kunaweza kuumiza kuliko damu. Tunashauri asiitazame.

Kijana aliyefikisha umri huo aanze na filamu za 1977, 1980 na 1983. Katika hiyo ya 1983, Luke anakataa kumuua baba yake, naye baba anaacha uovu ili kumwokoa mwanawe. Anayeitazama hii ya 2005 peke yake ni kama mtu aliyesikia habari za Ijumaa Kuu akaondoka kabla ya Pasaka.

Kwa watu wazima na waseminari

Kwa watu wazima filamu hii inafaa, na kwetu tulio katika malezi inafaa zaidi. Anakin alikwenda kuomba ushauri, lakini hakusema kwamba anayemhofia ni mke wake. Alipewa jibu la swali alilouliza, akarudi na mzigo uleule. Palpatine alikuwa anaijua siri yote, na ndiye aliyesikilizwa. Hofu tunayomficha mlezi wetu wa kiroho haikosi msikilizaji mwingine.

Maswali ya kujadili

1. Je, kuna jema tunalolitafuta kwa njia isiyo halali?
2. Nani anaijua hofu yetu kubwa kuliko zote, na anatushauri nini?
3. Mtoto akituuliza kwa nini mtu mwema alikuwa mbaya, tutamjibuje?