Ushuru wa Maharage Waenda Wapi?

SWALI: Mimi nalima maharage Kasulu, na ndugu yangu Kibondo. Kila msimu ushuru hukatwa. Je, twaweza kudai hesabu yake, na kwa nani?

JIBU: Haki hiyo mnayo, wala si hisani ya mtu. Ushuru wa mazao, ambao kwa sheria humlazimu mnunuzi ijapokuwa mkulima huuhisi katika bei, huingia katika hazina ya halmashauri, na mwaka wake wa bajeti huanza tarehe 1 Julai.

Anzeni kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Na humo, kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yapasa kusomwa bayana. Baraza hilo nalithamini kuliko tangazo lolote, kwani karatasi iliyobandikwa ubaoni haihojiki, ilhali mtendaji aliyesimama mbele ya hadhara hana budi kujibu.

Kwa hesabu za halmashauri, mwandikieni mkurugenzi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa siku zisizozidi 30. Kisha itafuteni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, iwekwayo wazi kila mwaka baada ya kufika Bungeni. Na msiridhike na jumla za fedha, bali zisomeni hoja zisizofungwa, mkamwulize diwani wenu, moja baada ya moja, zimekwama wapi.