Mtoto Wetu Yuko Darasa la Kwanza

Kijitabu kwa wazazi na walezi wa Nassa, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu

Mzazi, mlezi, bibi na babu mnaolea wajukuu, kijitabu hiki ni chenu. Kama hukubahatika kusoma, usikiweke kando. Mwombe anayejua akusomee, kwa sababu wewe ndiye tuliyekufikiria zaidi tulipokiandika. Katika vijiji vya kando ya Ghuba ya Speke kuna kauli inayosikika kila Januari: "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto? Hayo ni ya mwalimu." Hatukubaliani nayo. Mtu asiyejua herufi hata moja anaweza kumsaidia mtoto wa darasa la kwanza, na tutaonyesha jinsi gani.

Nassa si ngeni kwa kalamu. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo hapa tangu karne ya 19, na mwaka 1909 kituo hicho kikachukuliwa na Africa Inland Mission. Watu wamejifunza kusoma katika ardhi hii kwa zaidi ya miaka mia moja.

Asubuhi darasani

Mwalimu anaandika m ubaoni. Hasemi "em". Anafumba midomo na kuvumisha: mmm. Watoto nao wanafumba midomo, na darasa zima linavuma kama mzinga wa nyuki. Kisha anaweka a mbele yake: mmm-a, ma. Anaandika ma nyingine pembeni, anapitisha kijiti chini ya silabi zote mbili, na sauti za watoto zinatoka pamoja: mama. Mtoto ambaye juzi aliona michoro tu ubaoni, leo amesoma neno analolitamka kila siku nyumbani.

Hapo ndipo nyumbani tunapoweza kuharibu bila kukusudia. Sisi wa zamani tulifundishwa majina ya herufi: a, be, che, de. Kaka mkubwa anamkalisha mdogo wake na kumwambia, "Hii em, hii a, haya soma!" Mdogo anasoma "ema", anachekwa au anapigwa kofi, na kesho anaogopa daftari. Mtoto hana kosa. Amesoma alichoambiwa. Shuleni siku hizi wanaanza na sauti, kwa hiyo muulize, "Mwalimu anaitamkaje hii?" na umwache yeye akufundishe. Anayefundisha mwingine anashika zaidi.

Sauti hizo hufundishwa kwa mpangilio, moja juu ya nyingine. Mtoto akikosa siku ya m, siku inayofuata anakuta ubaoni maneno yaliyojengwa kwa m, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Tunajua Januari na Februari ni miezi ya palizi ya pamba. Tunajua siku ya mnada kuna mizigo ya kubebwa na mdogo wa kuangaliwa, na ng'ombe hawajui siku ya shule. Hata hivyo tunawasihi: mtoto wa miaka 6 au 7 asibakizwe nyumbani kwa kazi hizo. Jembe lake dogo haliongezi pamba ya kutosha kulipia anachokikosa darasani.

Kisukuma hakimharibu mtoto

Wapo wazazi wanaokataza Kisukuma nyumbani ili mtoto ajue Kiswahili haraka. Nia ni njema, lakini njia si sahihi. Mtoto aliyezoea kusikia hadithi ndefu kwa Kisukuma, akajua kueleza jambo tangu mwanzo hadi mwisho, anafika shuleni na akili iliyokwisha kufanya mazoezi. Anachohitaji ni maneno mapya ya mambo anayoyajua tayari. Minzi ni maji. Numba ni nyumba. Mwambieni yote mawili, mkiteka maji, mkifagia, mkisubiri ugali uive.

Atakosea, na makosa mengine yana sababu. Kisukuma kina irabu saba na Kiswahili kina tano, kwa hiyo sikio lake linapanga upya sauti ambazo sisi watu wazima tumezizoea. Wengi pia huchanganya r na l, wakaandika "kula" walipotaka "kura". Msimcheke. Litamkeni neno vizuri, polepole, kisha endeleeni na mazungumzo.

Vizibo kumi na daftari moja

Okoteni vizibo kumi vya soda, vioshwe, vikae kwenye kopo. Jioni, bibi anapochambua dagaa, mjukuu akae karibu naye. Bibi amwambie ahesabu saba, kisha bibi afunike vitatu kwa kiganja chake, aulize: "Vimebaki vingapi? Na chini ya mkono wangu viko vingapi?" Mtoto akikwama, bibi afunue, wahesabu pamoja, wafunike tena. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, ileile ya darasani, na bibi hakuhitaji kushika chaki. Mafungu ya dagaa sokoni na mayai kwenye kikapu hufanya kazi hiyohiyo.

Daftari nalo lifunguliwe kila siku. Huhitaji kulisoma. Angalia kama leo pameandikwa kitu, na muulize amefanya nini. Kurasa zikikaa siku tatu bila maandishi, nenda shuleni ukamwone mwalimu, msalimiane, umuulize. Usisubiri mkutano wa wazazi. Tena nenda hata siku isiyo na tatizo, mwalimu akujue kwa sura.

Mengine kwa ufupi. Ashibe kidogo kabla ya kutoka. Uji au michembe ya jana inatosha. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe. Anayesogelea ubao sana, au anayeitwa mara mbili tatu bila kuitika, apelekwe kituo cha afya apimwe macho na masikio, kwa sababu wengi huitwa wazembe kumbe hawaoni au hawasikii. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na michango ya lazima ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ukaanza kutumika Januari 2016. Sare, madaftari na kalamu bado ni jukumu la mzazi. Mtoto asifichwe nyumbani kwa kukosa sare. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu.

Usiku wa leo, kabla taa haijazimwa, mwite mtoto na daftari lake. Weka kidole kwenye herufi yoyote, umwambie akutamkie, nawe uitamke baada yake.