Usifute Ile Meseji! Simu Yako Ndiyo Shahidi wa Kwanza Ukitapeliwa

Mtu akishatapeliwa pesa kwa simu, mara nyingi kitu cha kwanza anachofanya ni kufuta. Anafuta meseji kwa hasira. Anafuta nambari ya yule tapeli ili asiione tena. Wengine wanafuta kila kitu ili watu wa nyumbani wasijue. Tunaelewa, kutapeliwa kunauma na kunatia aibu. Lakini ukifuta, unamsaidia tapeli kufagia nyayo zake.

Leo tuangalie jinsi wapelelezi wanavyotumia sayansi kufuata wizi wa pesa kwa simu, na kazi yako wewe mteja ni ipi. Ukielewa jinsi ushahidi unavyosafiri kutoka mfukoni mwako hadi mahakamani, utajua cha kufanya siku ikikufika. Tunaomba isikufike.

Kila mguso huacha alama

Mwaka wa 1910, Mfaransa mmoja aliyeitwa Edmond Locard alianzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon, kwenye vyumba viwili vidogo vya darini. Wazo lake linaongoza uchunguzi wa jinai hadi leo: vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Mwizi akiingia nyumbani, anaacha alama za vidole au unyuzi wa nguo, na anaondoka na vumbi la pale kwenye viatu vyake.

Mwizi wa simu haingii nyumbani kwako. Je, anaacha nini? Anaacha mengi.

Tuchukue mfano

Tuseme mama mwenye kibanda cha mboga anapata meseji saa 4:10 asubuhi: amepokea shilingi 4,500. Dakika mbili baadaye simu inaita. "Mama, pole sana, nimekosea nambari. Hiyo ni karo ya mtoto, tafadhali nirudishie." Mama ana huruma, na wateja wamejaa kibandani. Anatuma. Jioni akiangalia salio, kumbe hakuna pesa iliyoingia. Zile 4,500 alizotuma zilikuwa zake mwenyewe.

Sasa hesabu alama zilizobaki.

Ya kwanza ni ile meseji ya uongo. Ilitoka kwa nambari ya kawaida ya mtu, haikutoka kwa jina la kampuni. Ina saa na tarehe yake.

Ya pili ni rekodi ya simu iliyopigwa: nambari gani, saa ngapi, waliongea dakika ngapi.

Ya tatu ni meseji ya kweli, ile ya mama kutuma pesa. Hiyo ina nambari ya muamala, yaani zile herufi na tarakimu zilizochanganywa. Kila muamala una yake, na hakuna miamala miwili inayoshiriki moja. Kwa mpelelezi, hiyo ni kama alama ya kidole.

Hayo matatu yako ndani ya simu ya mama. Mengine yako kwingine. Kampuni ina rekodi ya pesa ilikoelekea: ilitoka kwa mama saa 4:15, ikaingia laini ya pili, ikahamishwa hadi laini ya tatu, ikatolewa kwa wakala fulani. Wakala ana rekodi zake, na pengine duka lake au la jirani lina kamera. Nayo minara ya mtandao inaonyesha laini ile ilikuwa eneo gani wakati simu inapigwa. Mnara hauonyeshi mlango wa nyumba, unaonyesha eneo tu, lakini eneo ni mwanzo mzuri.

Simu moja, laini kumi

Utasema, "Si tapeli atatupa laini?" Ndiyo, wengi wanatupa. Na mara nyingi laini yenyewe ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine asiyejua lolote.

Lakini kila simu ina nambari yake ya utambulisho inayoitwa IMEI, yenye tarakimu 15. Ukitoa laini na kuweka nyingine, IMEI haibadiliki, na mtandao unaiona. Kwa hivyo tapeli anayebadilisha laini kila wiki huku akitumia simu ileile anaacha uzi mmoja unaounganisha laini zote. Wapo wanaojua kuchezea hata IMEI, ndiyo maana mpelelezi hategemei alama moja. Anaziweka pamoja: IMEI, saa, minara, miamala, wakala, kamera. Moja ikikataa kusema, nyingine inasema.

Hapa ndipo tunataka ukae na jambo moja. Shilingi 4,500 huenda ikaonekana si kesi. Wengi hawaripoti kwa sababu wanasema, "Hiyo ni pesa kidogo, nitapoteza siku nzima kituoni." Lakini tapeli mmoja anaweza kuchukua pesa kidogo kidogo kwa watu wengi. Ripoti yako peke yake inaweza kuonekana nyepesi, lakini ikikutana na ya mtu wa Nakuru na ya mwingine wa Kisii, zote zenye IMEI moja, hiyo imekuwa kesi nzito. Usiporipoti, umekata uzi mahali pako.

Maabara wanafanya nini na simu?

Hapa Kenya kazi hii iko chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Makao makuu yako barabara ya Kiambu jijini Nairobi, na maabara yao ya kitaifa ya uchunguzi ilifunguliwa mwaka wa 2022.

Simu ya mshukiwa ikikamatwa, mtaalamu haanzi kuibonyezabonyeza. Kwanza anaitenga na mtandao, kwa mfano kwa kuiweka kwenye mfuko maalum unaozuia mawimbi, ili mtu asiifute akiwa mbali. Kisha anatengeneza nakala kamili ya yaliyomo na kufanyia kazi ile nakala. Simu yenyewe inabaki vile ilivyokamatwa.

Halafu anapiga hesabu ya kompyuta juu ya data yote, inayotoa mfululizo wa herufi na tarakimu. Wataalamu wanauita hashi. Ukibadilisha hata koma moja kwenye meseji moja, hashi inatoka tofauti kabisa. Kesi ikifika kortini baada ya mwaka mmoja, hesabu inarudiwa. Hashi zikilingana, hakuna aliyegusa data. Zikikataa kulingana, wakili wa mshtakiwa ataanza kuuliza maswali makali.

Pia kila anayeshika simu hiyo anaandikwa: nani alimpa nani, siku gani, saa ngapi. Mlolongo huo ukikatika, ushahidi mzuri unaweza kutiliwa shaka.

Na sheria inasema nini?

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali ushahidi wa kidijitali, kupitia kifungu cha 78A. Kifungu cha 106B kinataka rekodi iliyotolewa kwa kompyuta iambatane na cheti kinachoeleza rekodi ni gani, ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Cheti hicho hutiwa sahihi na mtu mwenye wajibu wa kusimamia mitambo hiyo. Ndiyo sababu picha ya skrini iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp haitoshi kumfunga mtu. Picha inaweza kuhaririwa. Meseji yenyewe ikiwa bado iko ndani ya simu yako, na rekodi ya kampuni ikisema jambo lilelile, hapo ushahidi umesimama kwa miguu miwili.

Ukitapeliwa, fuata hatua hizi

1. Piga simu kwa kampuni mara moja, kwa nambari rasmi ya huduma kwa wateja. Usitumie nambari uliyotumiwa na mtu. Pesa ikiwa bado haijatolewa, kuna nafasi ya kuizuia. Hapa dakika zina maana kuliko saa.

2. Usifute chochote: meseji ya kweli, meseji ya uongo, rekodi ya simu, mazungumzo ya WhatsApp. Ukitaka kumzuia asikupigie tena, mzuie, lakini acha rekodi.

3. Andika kwenye karatasi kilichotokea ukiwa bado unakumbuka: saa, nambari, jina lililotokea ulipotuma, maneno aliyosema, hata lafudhi yake. Ikiwa mtandao ulipotea ghafla kwenye simu yako, andika saa hiyo pia, kwa sababu pengine laini yako ilihamishwa na mtu mwingine, na uhamisho huo nao una rekodi.

4. Piga picha za skrini kama akiba. Zisaidie meseji, zisichukue nafasi yake.

5. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ripoti, na usitoke bila nambari ya OB. Beba kitambulisho, simu yako na ile karatasi. Omba kampuni taarifa ya miamala yako ya siku hiyo uiambatishe.

6. Usirudishe simu ilivyotoka dukani, usiiuze, na usimpe fundi "aisafishe" kabla ya kuongea na mpelelezi.

Maswali tunayoulizwa sana

*Mbona hamnipi jina kamili na mahali anakoishi aliyenitapeli?*
Kwa sababu sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inamlinda kila mteja, wewe pia. Fikiria kama mtu yeyote angeweza kupiga simu akidai umemtapeli, kisha apewe mahali unakolala. Mpelelezi akija na amri ya mahakama, rekodi zinatolewa. Na kumbuka tena, jina kwenye laini linaweza kuwa la mtu asiye na hatia.

*Nilitumiwa pesa kimakosa kweli. Nifanye nini?*
Angalia salio lako kwanza, usiamini meseji. Ikiwa pesa imeingia kweli, usiitumie na usiirudishe mwenyewe. Mwambie aliyekosea apigie kampuni, nasi tutashughulikia kurudishwa kwake.

*Mpelelezi anahitaji PIN yangu?*
Hapana. Rekodi za miamala ziko kwetu, hazihitaji PIN yako kusomwa. Yeyote anayekuomba PIN, hata akijiita afisa, ni tapeli wa pili. Hao wa pili wapo wengi. Wanajua umeumia, wanakupigia wakisema, "Tumempata mwizi wako, tuma ada kidogo ya kufungua faili." Usitume. Hifadhi nambari hiyo, nayo ni ushahidi.

*Nikifanya hayo yote, pesa yangu itarudi?*
Hatutakudanganya. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni vigumu, na kesi huchukua muda. Tunachoweza kukuambia ni kwamba bila ushahidi hakuna hata pa kuanzia.

Kazi ya leo, dakika tano tu

Piga *#06# kwenye simu yako. Utaona IMEI. Simu ya laini mbili itakuonyesha nambari mbili, andika zote. Ziandike kwenye daftari nyumbani, si ndani ya simu, maana simu ikiibiwa itaondoka nazo. Andika pia nambari yetu rasmi ya huduma kwa wateja hapo chini yake.

Kisha mfanyie mama yako, au shosho, au jirani asiyejua kusoma vizuri meseji za simu. Mwambie sentensi moja tu: "Ukiona jambo hulielewi kwenye simu, usifute, niite kwanza."